Gari Lililoshindwa Kilima cha Lufingo

Mwanangu Ikupa,

Nakuandikia nikiwa barazani. Mvua inanyesha tangu asubuhi kama kawaida ya hapa kwetu, na mama yako yuko jikoni anamenya ndizi. Anadhani naandika muhtasari wa kikao cha wakulima wa chai, maana tangu nistaafu ualimu hizo ndizo karatasi zangu. Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika "Habari za huko Mafinga," nikaona ni unafiki, kwa sababu habari za huko nazijua. Kila Jumapili mama yako akiongea na wewe kwenye simu, mimi huwa chumba cha pili nimetulia kama mtu asiyekuwepo. Ukicheka, nasikia. Mama yako akisema, "Baba yako huyu hapa," unasema mtandao unasumbua. Sikulaumu.

Zamani nilikuwa nakuita "mama", kwa kuwa ulichukua jina la mama yangu. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa unaitika, "Bee, mwanangu," na bibi somo yako anacheka mpaka anashika mbavu. Unakumbuka ile saa ya ukutani ya ofisi ya walimu? Niliileta nyumbani imekufa, wewe uko darasa la nne. Ukaifungua kwa kisu cha jikoni juu ya mkeka, ukapanga vigurudumu vyake kwa mstari, na kufikia jioni ikawa inatembea. Nikairudisha shuleni kwa kujisifu. Ikawa inachelewa dakika kumi, na kwa muhula mzima shule ilikuwa inatoka dakika kumi nyuma. Sikuwaambia walimu wenzangu ni nani aliyeitengeneza.

Nadhani ndipo nilipoanzia, kutowaambia watu. Ulipomaliza kidato cha nne nilitaka ukasomee uuguzi. Ukasema unataka magari. Nilikubali kwa shingo upande, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba binti yangu yuko chuo Mbeya, anasoma "mambo ya teknolojia". Mtu akisikia hivyo anafikiria kompyuta. Nilimwacha afikirie.

Halafu miaka mitatu iliyopita gari letu likaanza kuchoka. Unalijua, pikapu ile ya dizeli iliyobeba ndizi zetu zote na wagonjwa wa mtaa mzima. Kwenye tambarare linakwenda, likiona mlima linahema na taa ya injini inawaka. Nilimwita Fundi Athumani. Wewe unamfahamu tangu ukiwa mdogo, lakini wapo watakaosoma hapa wasiomjua. Ni mzee ambaye babu yake alitoka Kilwa akaja kushona makoti Tukuyu, na yeye mwenyewe akaishia kwenye injini. Alishika kitu kimoja huko ndani, akajaribu kukisogeza, kikagoma.

"Mwalimu, turbo imeganda," alisema. "Masizi. Mgongo wangu haunipi tena kuinama siku mbili. Lakini binti yako si yuko likizo? Mwachie."

"Huyu?" nilimwuliza, na wewe umesimama palepale.

"Huyu," akasema.

Bibi yako wakati huo alikuwa amelazwa. Ulikwenda kumwona wodini, ukamwambia kwamba akiruhusiwa, utamrudisha nyumbani kwake Kinyala kwa gari letu wenyewe, nawe ndiye utakayelitengeneza. Nilikuwepo. Alikushika mkono akasema, "Ndaga, mama, ndaga fijo," na mtu wa kitanda cha pili akaitikia kana kwamba na yeye ameshukuriwa.

Siku mbili zile nazirudia kichwani mara nyingi. Ulitandika gunia chini ya banda la kuni, ukafungua boneti, ukaanza kutoa kitu kimoja baada ya kingine, kila nati kwenye kopo lake. Mimi nilikuja kuangalia usiharibu, nikaishia kushika. "Baba, shika hapa. Baba, nipe spana ya kumi na mbili. Hiyo siyo, hiyo ni ya kumi na tatu." Ulinieleza kama unavyomweleza mtoto wa darasa la pili. Turbo inaisukumia injini hewa ili ipate nguvu ya kupanda mlima. Ndani yake kuna vibawa vidogo vinavyofunguka na kufungika, na vikijaa masizi vinashikana, injini inabaki kuhema. Vibawa hivyo vinaendeshwa na mkono mdogo wa chuma ulio nje, na mkono huo unavutwa na hewa inayopita kwenye mpira mwembamba, mwembamba kama mrija wa kunywea soda. Uliugusa kwa kidole mpira ule ukasema, "Na huu, baba, ukichomoka, hata turbo ikiwa mpya gari halipandi."

Nilisikia vizuri. Nataka ujue kwamba nilisikia.

Ulisugua vibawa kwa mafuta ya taa. Nilitaka kukusaidia kwa kisu, ukanizuia, kwamba kisu kinakwangua chuma, na ukaleta mswaki. Nilipoutazama vizuri nikaona ni mswaki wangu. "Nitakununulia mwingine," ukasema bila kuinua macho. Siku ya pili mchana ulichukua bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, ukalichomeka kwenye mpira ule, ukavuta, na ule mkono wa chuma ukasogea polepole mpaka mwisho. Ukaachia, mkono ukarudi. Ukaniambia niweke kidole niusukume mwenyewe. Nikausukuma. Ulikuwa laini kabisa. Ulinitazama, uso umejaa masizi, meno tu ndiyo yanaonekana, ukisubiri niseme kitu.

Nikasema, "Haya."

Ndicho nilichosema, Ikupa. Tulipokwenda kulijaribu kwenye njia ya mashamba ya chai, gari likapanda kama halijawahi kuumwa, moyo wangu ukafurahi hasa, lakini nilitazama mbele nikauliza tu kama mafuta yanatosha kurudi.

Alfajiri iliyofuata bibi akafariki.

Ijumaa nyumba ilijaa ndugu. Tulikubaliana kwamba Jumamosi tutamchukua hospitali na kumpeleka Kinyala kwa gari letu, maana wewe ulikuwa umemwahidi. Jioni tumekaa nje, ndugu mmoja, simtaji, anajijua, akauliza, "Hilo gari si ndilo lililofunguliwa na binti? Tutafika kweli?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, wala hakikuwa kibaya. Ningeweza kusema, "Limetengenezwa vizuri, nimeliendesha mwenyewe." Badala yake nilisubiri watu wakaingia kula, nikaenda kufungua boneti.

Sikujua natafuta nini. Nilishikashika kila kitu ulichokigusa wewe. Nikaukamata ule mpira mwembamba, nikauvuta nione kama umekaza. Ukachomoka. Nikaurudisha kwa kuusukuma, kiza kinaingia, vidole havifiki vizuri, mtu ananiita nije kumpokea mchungaji. Nikaona umeingia. Nikafunga boneti.

Jumamosi tuliondoka hospitali mvua inanyesha. Jeneza nyuma, na wanaume wanane wamelizunguka, na wewe katikati yao umeshika mwavuli juu ya jeneza, sio juu yako. Kwenye kilima cha Lufingo taa ya injini ikawaka. Halikuzima. Lilikuwa linanguruma tu, linatoa moshi, na mwendo unapungua mpaka likasimama, kisha likaanza kuserereka kurudi nyuma kwenye tope. Wanaume wakaruka, wakaweka mawe kwenye magurudumu. Nyuma yetu msafara wote ukasimama. Wengine walishuka kwenye magari yao, wanawake waliokuwa wanaimba wakanyamaza, na watu wa pale wakatoka majumbani kutazama.

Ulikuja upande wangu ukiwa umelowa. "Baba, nipe dakika tano nifungue boneti. Kuna kitu kimechomoka tu."

"Usiguse gari langu," nikasema.

"Dakika tano, baba. Naomba."

Nikashuka ili watu wanisikie. Kila aliyekuwepo anakumbuka nilichosema, lakini nakiandika hapa ili isije ikasemwa nimekipunguza. Nilikuita kwa majina yako matatu. Nilisema, "Mama yangu amekufa mara moja, wewe leo unamwua mara ya pili mbele za watu." Nikasema pia kwamba nilimpeleka mtoto shule akarudi na spana, na sasa ameniaibisha. Hakuna aliyecheka safari hii. Ulisimama na ule mwavuli, ukaniangalia, halafu ukaangalia boneti, halafu ukaniangalia tena. Ukarudi ukasimama karibu na jeneza.

Lori la chai lilikuwa linashuka. Dereva wake, Mungu ambariki, hatukumjua wala hakutujua, aligeuza gari, wakapanga magunia ya majani mabichi pembeni, na bibi yako akafika Kinyala juu ya lori la chai, saa mbili baada ya muda uliopangwa. Shangazi yako mkubwa alitoa majani yaliyong'ang'ania kwenye kitambaa cha jeneza, moja moja, kabla ya kumshusha kaburini.

Baada ya mazishi ulimkumbatia mama yako, ukachukua begi lako, ukashuka barabarani. Jioni hiyo ukajitoa kwenye kundi la ukoo la kwenye simu. Nililiona tangazo lile dogo, kwamba Ikupa ameondoka, na chini yake watu wakaendelea kutuma pole.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani nikalifunika turubai. Miaka mitatu limekaa pale banda la kuni. Kuku wamelifanya nyumba yao. Nilisema nalisubirisha mpaka nipate fundi. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu yeyote afungue boneti ile.

Mwaka huu mama yako alichoka kuliona. Akasema, "Uza hata kama chuma chakavu, lakini nisilione." Nikamwita Fundi Athumani aje aseme lipi linafaa na lipi halifai. Alikuja na fimbo yake, macho nayo yamepungua, akainama kwa shida. Hakukaa hata dakika mbili. Akauinua ule mpira kwa kidole. Ulikuwa unaning'inia.

"Mwalimu, siku ile mlimani gari hili halikuharibika," alisema. "Mpira huu umetoka. Na haukutoka wenyewe. Huyu binti aliufunga kwa waya mwembamba, angalia, waya huu hapa umebaki kwenye kichuma chake. Mtu ameuvuta kwa nguvu. Nani aliugusa?"

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Nilisema sijui. Fundi akauachia ule mpira, akasema, "Haya, mwalimu," akaomba maji ya kunawa.

Alipoondoka mama yako aliniuliza swali moja tu. "Ulijua?"

Hili ndilo ninalotaka kukuambia, na mengine yote nimeyaandika ili nifike hapa. Nilijua. Sikujua nilipotoka hospitali, wala nilipoanza kupanda. Nilijua uliposema, "Kuna kitu kimechomoka." Pale pale vidole vyangu vilikumbuka jana yake jioni. Nikaona utafungua boneti, utauinua mpira ule mbele ya ukoo mzima, na utauliza swali alilouliza Fundi Athumani. Ndiyo maana sikukupa dakika tano. Kelele zote zile zilikuwa za mtu anayeziba boneti kwa mgongo wake. Nadhani na wewe ulijua, kwa jinsi ulivyoniangalia. Waya uliufunga mwenyewe. Ulijua kwamba mpira haungetoka bila mkono wa mtu, na ulijua ni mkono wa nani, na hukusema. Ulinisitiri mbele ya watu walewale ambao nilikuwa nakuvunjia heshima mbele yao.

Nilimjibu mama yako, "Nilijua." Akaweka kikapu chini. Akatoka kwenda shambani, na hakurudi mpaka saa ya kupika. Tangu siku hiyo ananisemesha ya lazima tu.

Sikuuza gari. Nilidhani nikirudisha mpira mahali pake litakwenda, lakini miaka mitatu ya unyevu wa hapa si mchezo. Mkono wa chuma ulikuwa umegoma kabisa. Sasa turbo ilikuwa imeganda kweli. Fundi Athumani akasema ananiletea mtu. Nikasema nitaifungua mwenyewe. Aliguna, lakini akaja kila asubuhi kukaa kwenye kigoda na kunielekeza kwa fimbo.

Nilitumia daftari lako la chuo, lile la jalada la bluu uliloliacha kabatini. Mwandiko wako ni mbaya, nilikuwa nakuambia tangu darasa la kwanza, na bado ni mbaya, lakini maelezo yako yako wazi kuliko vitabu vingi nilivyofundishia. "Weka alama kabla ya kufungua, la sivyo hutajua inavyorudi." Niliweka alama kwa chaki. Bolti mbili ziliganda kwa kutu, nikazitia dawa ya kutu siku tatu ndipo zikalegea. Nilikwangua ngozi ya vidole mpaka mama yako akanitupia kitambaa bila kusema kitu. Siku ya kuosha vibawa nilitumia mafuta ya taa na mswaki, na ilinichukua kutwa nzima kazi uliyoifanya kwa mchana mmoja. Nilikuwa naosha najiuliza, hivi wewe uliinama hapa siku mbili kwa ajili ya kumrudisha bibi yako nyumbani, na mimi nilisema nini? Haya!

Niliweka gasketi mpya, ile ya kuziba maungio, nikatia oili kwenye tundu la turbo kabla ya kuwasha kama daftari linavyosema, nikaufunga mpira kwa waya. Liliwaka mara ya tatu. Likatoa moshi mwingi, kuku wakatawanyika, halafu likatulia. Fundi Athumani akapiga fimbo chini akasema, "Binti yako anafundisha vizuri."

Mwezi uliopita ukoo ulikutana Kinyala kujengea kaburi la bibi. Karibu wote waliokuwepo Lufingo siku ile walikuwepo. Baada ya sala niliomba kusimama. Niliwaambia kwamba gari lilitengenezwa vizuri, kwamba mpira niliuvuta mimi, kwamba mlimani nilijua, na kwamba nilimtukana mtoto asiye na kosa ili nisionekane. Yule ndugu wa msibani alitazama viatu vyake. Nikakaa, na kusema kweli nilijisikia nimepumua.

Shangazi yako mkubwa hakuniachia nipumue. Alisema kutoka pale alipokaa, kwa sauti yake ileile ya kuitia ng'ombe, "Gwe, wewe, na mtoto mwenyewe umemwambia?"

Nikasema hupokei simu zangu.

"Basi sisi unatuambia ya nini? Sisi ndio uliotutukana?"

Ndiyo sababu ya barua hii. Naiandika wazi, na nitaiweka kwenye kundi la ukoo isomwe na kila mtu, kwa kuwa niliyoyasema niliyasema watu wakisikia. Wewe ulishajitoa humo. Shangazi yako amesema ataichukua mwenyewe akutumie, na kama hutaki kuisoma, ataisubiri siku utakayotaka. Sitamwomba mama yako akushawishi. Sitakuja Mafinga kusimama mlangoni kwa watu unaofanya nao kazi. Wanakuheshimu huko, nimesikia, wanakuletea malori ya mbao yaliyowashinda wengine. Siku hizi mtu akiniuliza binti yangu anafanya kazi gani, nasema ni fundi wa magari ya dizeli. Nimechelewa, najua. Wengi hawaniulizi tena.

Nisamehe, Ikupa. Wala sikuwekei muda. Na kama jibu lako ni hapana, nitalipokea nikiwa nimekaa, na nitaendelea kukusikia ukicheka kutoka chumba cha pili.

Kuna jambo moja limebaki. Gari linapanda, lakini nikiwa gia ya tatu na kuongeza mafuta linatoa mlio mwembamba kama mluzi, kisha moshi mweusi kidogo, kisha unapotea. Fundi Athumani anasema gasketi nimeikaza zaidi upande mmoja. Fundi mwingine wa mjini anasema hewa inavuja kwenye bomba kubwa. Nimewasikiliza wote wawili na sijafungua kitu. Nataka kujua wewe unaonaje.

Nakutakia kazi njema na mwili mzima.

Ni mimi,
Baba yako